Dadu Iliyoachwa Mezani

Katika mchezo wa Seasons kila raundi huanza kwa kutupa dadu, na dadu hizo huzidi idadi ya wachezaji kwa moja. Wakiwa wawili zinatupwa tatu. Wakiwa wanne, tano. Kila mtu huokota moja na kujipatia kilichochorwa kwenye uso wake wa juu. Moja hubaki. Hiyo iliyokosa mwenyewe ndiyo inayoamua kalenda ya mchezo isogee kiasi gani. Ikiwa na nukta moja, umepita mwezi mmoja. Ikiwa na nukta tatu, miezi mitatu imekwenda, na msimu uliokuwa ukiupigia hesabu umekatika kabla hujavuna.

Naanza na dadu hiyo kwa sababu ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Michezo ya dadu ni mingi duniani, na katika mingi yake kazi ya dadu ni kugawa bahati: unatupa, unapata ulichopata, unanung'unika. Hapa bahati inamwagwa mezani mbele ya macho ya wote, kisha watu ndio wanaoigombea. Aliyepata kidogo hana wa kumlaumu sana, maana ameokota kwa mkono wake mwenyewe. Na kila anachookota kina upande wa pili: ukichukua hii, ile unamwachia mwenzako, au unaiachia kalenda.

Aliyeubuni ni Régis Bonnessée, Mfaransa, mwanzilishi wa kampuni ya Libellud ya mjini Poitiers. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kupata jina kwa Dixit, mchezo wa picha na visa uliobuniwa na Jean-Louis Roubira na kutwaa tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani mwaka 2010. Seasons ulitoka mwaka 2012. Picha zake zimechorwa na Xavier Gueniffey Durin, anayejulikana zaidi kwa jina la Naïade: rangi laini, vizee vyenye kofia ndefu, vijinyama vya ajabu unavyotamani kuvibeba. Uzuri huo umewaponza wengi, na nitaeleza kwa nini.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wachawi wawili hadi wanne wanashindana katika ufalme wa Xidit kwa muda wa miaka 3, kila mwaka ukiwa na miezi 12 na misimu minne ya Ulaya: baridi, machipuko, joto na mapukutiko. Atakayemaliza akiwa na alama nyingi, ambazo ni jumla ya fuwele alizokusanya na heshima iliyoandikwa kwenye karata alizoziweka mezani, ndiye bingwa. Sioni haja ya kukaa sana na wachawi hao. Linalostahili kutazamwa ni namna misimu ilivyofanywa kuwa injini badala ya kuwa pambo tu.

Kila msimu una dadu zake tano, za rangi yake. Msimu ukibadilika, dadu zile zinawekwa kando na nyingine zinaletwa. Kwenye dadu hizo mna nishati za aina nne, yaani maji, ardhi, moto na hewa, lakini hazikugawanywa sawa. Katika msimu wowote ule nishati mbili zinajaa tele, ya tatu ni adimu, na ya nne haionekani kabisa. Nishati ndizo zinazolipia karata. Zisipohitajika zinaweza kuuzwa ili kupata fuwele, na bei inafuata msimu: ile iliyojaa inauzwa kwa fuwele 1, iliyo adimu kwa 2, na ile isiyotokea kwa 3. Kisichokuwepo sokoni ndicho ghali. Mwenye akili hukusanya wakati wa wingi na kungoja wakati wa uhaba.

Hapo Bonnessée angeweza kuishia, na mchezo ungekuwa wa kibiashara wa kawaida. Lakini ameweka vizuizi vitatu, na kila kimoja ni kidogo hata mgeni hukipuuza. Ghala lako linachukua nishati 7 tu, kwa hiyo kulimbikiza kuna mwisho. Huwezi kuuza kila upendapo. Lazima dadu uliyookota iwe na alama ya kuuza, au uwe na karata inayokuruhusu. Na ule wakati wa uhaba unaoungoja haujulikani utafika lini, kwa sababu hatima yake iko kwenye dadu itakayobaki. Mtu anashika moto saba mkononi, anangoja baridi, na mezani imebaki dadu yenye nukta moja. Raundi inayofuata, nukta moja tena.

Hesabu yake inavutia. Miaka mitatu ni miezi 36. Kalenda ikitambaa mwezi mmoja kila raundi, mchezo una raundi 36. Ikiruka mitatu mitatu, una raundi 12 tu. Kati ya ncha hizo mbili wachezaji wenyewe ndio wanaoamua urefu wa mashindano, na hawana nia moja. Mwenye karata inayolipa kila msimu unapobadilika, kama ile Saa ya Mchanga inayompa mwenyewe nishati moja kila badiliko, anataka kalenda ikimbie. Mwenye Dadu ya Hila, inayomruhusu kutupa upya dadu yake kila zamu na kupata fuwele 2 kwa kufanya hivyo, anataka itambae, kwani kwake kila raundi ni chumo. Aliyejaza karata mkononi ambazo hajaziweka mezani anataka mwaka usiishe. Aliyekwisha kumaliza kazi yake anatamani ufungwe hata leo.

Sasa tazama nani anayeamua. Anayechagua kwanza ana dadu zote mbele yake. Anayechagua mwisho anakuta mbili, na kwa kawaida ni zile zilizokataliwa na wote. Ukitazama haraka utamhurumia. Lakini yeye peke yake ndiye anayejua, anaponyoosha mkono, ni dadu gani itabaki. Waliotangulia wamechukua mali. Yeye amepewa ufunguo wa kalenda. Mara nyingi anayecheza vizuri akiwa wa mwisho huchukua dadu asiyoitaka, kwa sababu tu hawezi kuruhusu ile nyingine ibaki na kusogeza miezi mitatu. Nafasi ya kwanza huzunguka kila raundi, kwa hiyo kila mtu huonja tamu ya kwanza na chungu ya mwisho. Sijui kanuni nyingine fupi kama hiyo iliyobeba mzigo mkubwa kiasi hicho.

Kabla ya dadu kutupwa hata mara moja, huwa kuna karata. Hapa ndipo wachezaji wazoefu wanaposema mtu hushinda au kushindwa mchezo. Kila mtu hugawiwa karata 9, anachagua moja, na zilizobaki anampa wa kushoto kwake. Anapokea nyingine kutoka kulia, anachagua moja, anapitisha. Hivyo hivyo hadi kila mtu ana 9 zake. Mtindo huu wa kupitisha karata si wa Bonnessée. Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield wa mwaka 1993, waliuzoea zamani, na 7 Wonders wa Antoine Bauza uliupa umaarufu kwenye michezo ya mezani kuanzia mwaka 2010. Lakini katika 7 Wonders karata unayochagua unaitumia papo hapo. Katika Seasons unachagua silaha zote kabla ya vita.

Mkiwa wawili, kuna jambo zuri linalofichika. Karata zilizogawiwa ni 18. Unaziona 9 zako za kwanza, kisha unapokea 8 za mwenzako. Umekwisha kuona 17. Iliyobaki ni moja tu, ile aliyoichagua kwanza kabisa, na huijui mpaka aiweke mezani. Kila karata nyingine aliyo nayo unaweza kuitaja kama kumbukumbu yako ni nzuri, na yeye vivyo hivyo anazijua zako. Mkiwa wanne, karata ni 36, unaziona 30, na tatizo linakuwa kukumbuka nani kachukua nini. Wengi wanaoupenda mchezo huu husema utamu wake halisi uko kwenye meza ya watu wawili, na nadhani hesabu hiyo ndiyo sababu, hata kama wao hutaja sababu nyingine.

Kisha inakuja hatua ninayoiona kuwa ya kifundi kuliko zote. Zile karata 9 unazigawa mafungu matatu ya tatu tatu. Fungu la kwanza unaanza nalo. La pili hulishiki mpaka mwaka wa pili uanze, na la tatu mpaka mwaka wa tatu. Hakuna anayekuchagulia. Unatakiwa kukaa kimya na kujiuliza miezi 36 ijayo itakwendaje: karata gani ni mbegu, inayopaswa kupandwa mapema, na ipi ni ya mavuno. Anayecheza bao la Kiswahili ataitambua hali hii. Katika namua, yaani hatua yake ya kwanza, kila upande una kete 22 nje ya ubao, zinaingia moja moja, na ustadi ni kujua unaijenga nini wakati nusu ya nguvu yako bado iko mkononi.

Tuchukue Figrim Bahili. Akiwa mezani, kila msimu unapobadilika kila mpinzani anakupa fuwele 1. Misimu ya mchezo mzima ni 12, kwa hiyo mabadiliko ni 11. Kwa watu wanne, kila badiliko ni fuwele 3. Ukimweka mwaka wa kwanza, huyu ni mtoza ushuru asiyelala. Ukimweka mwaka wa tatu, ni mzee aliyechelewa kikao. Na mkiwa wawili, hata mwaka wa kwanza hakupi zaidi ya fuwele 1 kwa badiliko. Karata ileile, maneno yaleyale, thamani tatu tofauti kutegemea idadi ya watu na fungu ulilomweka. Kinyume chake ni zile karata za kukupa donge moja unapoziweka, kama sanamu ya Olaf yenye fuwele 20. Hizo zinaweza kungoja. Ipo ya Mkono wa Bahati, inayopunguza gharama ya kila karata kwa nishati moja. Ipo Fimbo ya Machipuko, inayokulipa fuwele 3 kila unapoweka karata. Hizo mbili zikiwa pamoja kwenye fungu la kwanza, mpinzani aliyeona zikipita mikononi mwake akaziachia atajilaumu hadi mwaka wa tatu.

Humo humo limo lalamiko la kwanza la wachezaji, na ni la haki. Karata tofauti ni 50, kila moja ikiwa na nakala mbili. Anayezijua zote 50 na anayeziona kwa mara ya kwanza hawachezi mchezo mmoja. Mgeni anapokea karata 9 zenye maandishi, anaombwa achague, tena apange mpaka mwaka wa tatu, wakati hajui hata nishati inapatikanaje. Atashindwa vibaya, na hatajua alishindwa wapi. Mtunzi hakulifumbia macho hilo: kanuni zinawaelekeza wanaoanza watumie seti zilizopangwa tayari, kisha wacheze na karata 30 za mwanzo kabla ya kuchanganya 20 ngumu. Wenyeji wenye haraka huiruka hatua hiyo kwa sababu wao wamekwisha kuichoka, halafu wanashangaa mgeni harudi. Kosa hilo si la sanduku.

Lalamiko la pili ni la bahati ya katikati ya mchezo. Baadhi ya dadu zina alama ya kuvuta karata mpya kutoka kwenye rundo. Mmoja anavuta karata inayoshikamana na mpango wake kama ufunguo na kufuli. Mwingine anavuta takataka. Walioumia kwa njia hii husema mpango wote wa mwanzo umefanywa mzaha. Nawaelewa, ila nadhani wanasahau kwamba karata inayobaki mkononi mwisho wa mchezo inakukata alama 5. Kuvuta ni kamari yenye bei, na mchezaji makini hujua lini aache. Pia kuna kipimo cha wito: huwezi kuwa na karata nyingi mezani kuliko kipimo chako, ambacho kinaanza sifuri na kupanda kwa nyota za kwenye dadu mpaka 15. Anayekimbilia kuvuta karata bila kuokota nyota atajikuta ana mkono uliojaa na mlango uliofungwa.

La tatu ni la ukatili, na hapa ndipo picha za Naïade zinapowaponza watu. Mtu anaona sanduku la kupendeza, anadhani amenunua mchezo wa watoto. Juu ya sanduku imeandikwa kuanzia miaka 14, nao si utani. Kairn Mwangamizi hula nishati na kuwapotezea wapinzani fuwele, zamu baada ya zamu. Syllas, anayeitwa Mwaminifu, akiingia mezani kila mpinzani lazima atoe kafara karata yake moja. Wapo wanaochukia kuvunjiwa walichokijenga kwa saa nzima, na hawatabadilika. Ninavyoona mimi, dawa iko mwanzoni kabisa: karata hizo zilipita mikononi mwenu wakati wa kuchagua. Aliyemwachia jirani yake Syllas aliambiwa mapema kitakachomkuta. Ndiyo maana wazoefu wakati mwingine huchukua karata wasiyoihitaji ili tu isifike upande wa pili, na uchungu wa kupoteza nafasi hiyo ni sehemu ya bei.

Kuhusu meza ya watu wanne, nakubaliana na wanaolalamikia kungoja. Kila mtu anapiga hesabu zake, wengine wanangoja, na yule mwenye tabia ya kufikiri mpaka chai ipoe anaharibu jioni ya wote.

Nirudi kwenye jambo dogo ambalo halitajwi sana na wachezaji, nami naliona kama kazi ya seremala aliyepiga randa hata sehemu ya chini ya meza. Kila mchezaji ana ruhusa ya kujisaidia mara tatu. Unaweza kubadili nishati mbili kuwa aina nyingine, au kuuza kwa faida ya fuwele 1 zaidi kwa kila nishati, au kupandisha kipimo cha wito hatua moja, au kuvuta karata mbili na kubaki na moja. Msaada huo unalipiwa mwisho wa mchezo. Ukitumia mara moja unakatwa alama 5, mara mbili 12, mara tatu 20. Maana yake msaada wa kwanza unagharimu 5, wa pili 7, wa tatu 8. Bei inapanda, lakini haipandi kwa kasi ya kukutisha. Mgeni anauogopa kabisa, akidhani kukatwa ni aibu. Mzoefu anaufanyia hesabu: kama msaada huu utaniwezesha kuweka karata ya alama 12 leo badala ya kuishika mkononi na kukatwa 5, basi deni la 7 ni rahisi. Namba hizo tatu, 5, 12 na 20, zimepimwa. Zingekuwa ndogo zaidi kila mtu angezimaliza bila kufikiri. Zingekuwa kubwa zaidi hakuna ambaye angezigusa.

Dadu zenyewe zimepewa sifa na karibu kila aliyezishika, hata wasioupenda mchezo. Ni kubwa kuliko dadu za kawaida, zina pembe za mviringo na alama zilizochongwa. Inaelekea Bonnessée hakumaliza nazo, wala na ufalme wa Xidit. Mwaka 2014 aliurudia ufalme uleule kwa Lords of Xidit, uliojengwa juu ya mchezo wake wa zamani, Himalaya. Mwaka 2017 akatoa Dice Forge, ambamo nyuso za dadu zinabanduliwa na kubandikwa nyingine, hata mchezaji anamaliza akiwa na dadu aliyoitengeneza mwenyewe. Dice Forge unafundishika kwa haraka zaidi na unapendeza mikononi. Lakini huko dadu yako ni yako peke yako. Unatupa, unachukua, jirani hana la kufanya. Nikiucheza naukosa ule mvutano wa kutazama dadu mbili za mwisho na kujua kwamba mojawapo itatusogeza sote.

Kuna nyongeza mbili za Seasons, Enchanted Kingdom ya mwaka 2013 na Path of Destiny ya mwaka 2014, zote zikiongeza karata. Mchezo unapatikana pia kwenye jukwaa la Board Game Arena, ambako kompyuta inakumbuka kila karata inalipa lini na inakuepusha na ugomvi wa kusahau ushuru wa Figrim.

Kama unatafuta mchezo wa kutoa kabatini mara moja kwa mwaka wageni wanapokuja, huu haukufai; nunua Dixit. Kama una mtu mmoja wa kucheza naye kila wiki, asiyenuna akivunjiwa, nunua huu, anzeni na zile karata 30, na nyongeza ziacheni dukani mpaka mzijue zote 50 kwa majina.